Ming'oko Myekundu ya Nambambo

Sokoni Ruangwa, upande wa wauza mboga, kuna mama mmoja huja na sufuria ya ming'oko ya kuchemsha, ameifunika kwa kiroba ili joto lisitoke. Akikifunua kile kiroba mvuke hupanda, na harufu hunifikia kabla sijaiona sufuria yenyewe: udongo uliolowa, chumvi, na kitu kingine ambacho mpaka leo sijakipatia jina, ingawa nimefundisha Kiswahili shuleni mpaka nikastaafu. Kwa wasioijua ming'oko, maana siku hizi wapo hata humu humu kwetu, ni viazi vya porini, vyembamba na virefu, vinavyojiotea bila kulimwa, vikachimbwa na mwenye njaa au mwenye hamu. Mimi hununua kwa hamu. Huketi kwenye benchi la yule mama, nikamenya mmoja mmoja bila haraka, na kabla sijashiba dada yangu Somoe huwa ameshanijia, yuko ndani nyuma ya mkeka, ananituma nikachungulie nje nimletee habari.

Mnivumilie nianze na nyumba yetu, la sivyo hamtaelewa kwa nini mtoto wa watu alikaa ndani mvua nzima kwa ajili ya kiazi.

Kwetu ni Nambambo, Nachingwea. Nazungumzia miaka ya karanga, pale Wazungu walipokuja na mitambo, miaka ya arobaini ikielekea ukingoni, wakafyeka pori ili walime karanga mpaka macho yachoke kutazama. Baba alikuwa kwenye mashamba ya mkonge upande wa Lindi, akija nyumbani kama mgeni na kuondoka kama mgeni. Mama alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, na neno lake mbele ya mama yake halikuwa na uzito. Mwenye nyumba alikuwa bibi, mzaa mama, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo ambayo sikumbuki kama aliwahi kuipandisha. Kiswahili alikijua cha sokoni tu. Akisema jambo kwa Kimwera chake, hilo limekwisha kuamuliwa, na maneno yake yote nitakayowapa hapa nimeyageuza mimi.

Halafu alikuwepo mjomba Chilumba, kaka yake mama. Kwetu ukoo huenda kwa mama, kwa hiyo mjomba si mtu wa kuja na pipi na kuondoka. Mjomba ndiye mzazi mwenye sauti. Wa kwetu alikuwa kijana bado, mwenye kicheko cha karibu, na alikuwa ameajiriwa kwenye karanga. Kazi yake ilikuwa kutembea nyuma ya makatapila. Makatapila mawili yaliburuta mnyororo mnene kati yao, na chochote kilichokuwa kimesimama katikati kililala chini. Jioni alitusimulia sisi watoto huku viatu vyake vikubwa visivyo na kamba vikiwa vimewekwa mlangoni, nasi tulivitazama kwa heshima kubwa. Bibi alimpakulia chakula sawa na wengine, akampa na nyama kama ipo, lakini habari za kazi hakumuuliza hata mara moja. Nilidhani ni kwa sababu mitambo haikumpendeza, kama vile kahawa isivyompendeza.

Sasa nije kwenye kiazi. Ming'oko ya kawaida iliota kila mahali na hakuna aliyeihofia kwisha. Lakini palikuwa na mingine, myekundu, ambayo hata zamani haikuwa mingi. Mmea wake ni kamba inayopanda miti, nyekundu kwenye vifundo, na bibi alinifundisha kuutambua kabla sijajua kuhesabu vizuri. Mng'oko wa kawaida hujizungusha mtini kuelekea kulia; mwekundu huenda kushoto. Ukiukwaruza kwa ukucha hutoa jasho la wekundu mwepesi, lenye harufu ya mvua. Ukichimba, unakata chakula chako na kukirudisha kichwa chake udongoni, unafukia, unakanyaga kidogo kwa kisigino. Kuchimba kulikuwa kazi ya wanawake. Mwanamume aliyeonekana na muo, kile kijiti kigumu cha kuchimbia, alitaniwa mpaka akakitupa.

Ya unyagoni sitayasema, msinitege. Niliapa kama wengine walivyoapa. Nitasema lile linaloonekana na kila mpita njia. Msichana akishachezwa unyago hukaa ndani kwa muda, mwali, anapakwa mafuta na kufundwa, hatoki mpaka siku ya kutolewa. Siku hiyo, katika ukoo wetu, bibi wa mwali husimama mlangoni akiwa na kipande cha mng'oko mwekundu uliochemshwa. Humlisha kwa mkono wake mwenyewe, mwali akiwa amesimama kizingitini. Akishameza, anavuka. Bibi alivuka hivyo, na mama yake, na mama yetu. Bila mng'oko hakuna kuvuka.

Somoe alichezwa baada ya mavuno pamoja na wasichana wengine wa kijijini. Siku zilipotimia, bibi alichukua muo na kikapu akaenda mahali pake pa siku zote. Mahali pake pa siku zote palikuwa hapapo tena. Palikuwa na shamba, jekundu na tambarare, halina hata kichaka cha kujisitiri mtu mwenye haja. Alirudi na kikapu kitupu, akakitundika, akaosha miguu. "Tusubiri mvua," akasema. "Kiangazi mmea hufa juu ukabaki chini. Mvua ikinyesha utajionyesha wenyewe."

Wasichana wenzake walitolewa mmoja baada ya mwingine. Vigelegele vilisikika nyumba ya huku na nyumba ya kule, na Somoe akavihesabu kutoka gizani. Kwa kweli kukaa ndani si mateso makubwa kama wanavyodhani wasiokaa. Unakula vizuri, hutumwi maji. Lakini dada yangu alikuwa na jambo. Shangazi yetu, dada yake baba, alikaa Ruangwa na mumewe fundi, nao walikuwa na charahani barazani kwao. Shangazi alikuwa ametuma salamu kwamba anamtaka Somoe aje ajifunze kushona, ila asichelewe kupita mavuno ya mtama, kwa maana akichelewa nafasi itachukuliwa na binti mwingine ambaye wazazi wake walikuwa wameshakuja kuomba. Somoe alikuwa ameiona charahani ile mara moja tu. Alikuwa ameichora kwa kidole kwenye vumbi la sakafu, gurudumu lake na kanyagio lake, na kila nilipofagia chumba alinionya nisiifute.

"Bibi anasema mvumilivu hula mbivu," nilimwambia siku moja, nikijiona nimesema jambo la maana.

"Mimi hata mbichi sijaiona," akanijibu. "Nenda kachungulie kama mtama umeshapandwa."

Mimi nilikuwa miguu yake na macho yake. Mvua ikanyesha, pori lililobaki likafunga kijani, na kila mtu akaanza kutafuta. Bibi na wanawake wenzake walikwenda mpaka Mkotokuyana. Mama alituma watu waliokuwa wakienda Matambarale waangalie njiani. Mjomba Chilumba, kila siku aliyokuwa hana kazi, aliondoka alfajiri na kurudi na mzigo wa kamba za kila aina begani, kama mtu anayebeba kazi asiyoijua. Bibi aliziangalia moja moja. "Huu ni wa mbuzi," alisema. "Huu ni wa kufungia kuni. Huu, mwanangu, utakuwasha mpaka keshokutwa, nenda kaoge." Mjomba alicheka, akaenda kuoga, na safari nyingine akaenda mbali zaidi. Hakuacha kwenda hata mara moja, na sasa nikikumbuka uso wake wakati akimsubiri bibi aseme, naona hakuwa akicheka sana.

Katikati ya mvua ile akaja Bwana Majani. Jina lake la kwao sikulijua. Alikuwa Mzungu mwembamba, mpole, mwenye gari lenye turubai na mkalimani Mndonde, kabila la jirani zetu, aliyependa sana kukohoa kabla ya kutafsiri. Hakuwa mtu wa karanga. Kazi yake ilikuwa kukusanya majani, akayabana katikati ya mbao mbili na magazeti makuukuu, na watoto tulimfuata kijiji kizima. Alifika kwetu kwa sababu aliambiwa kuna bibi anayejua mizizi. Akatoa karatasi ngumu iliyogundishwa mmea mkavu, ambao alisema ulichumwa pande hizi na Mjerumani mmoja kabla ya vita, na tangu hapo hakuna aliyeuona tena.

Bibi aliupeleka karibu na macho. Ulikuwa umekauka rangi ya tumbaku, lakini kamba yake ilikuwa bado imejiviringisha kushoto. Akaushika kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anavyomshika mtoto aliyelala.

"Muulize alipouona," Bwana alisema.

Bibi alinyoosha mkono kuelekea shamba la karanga. "Pale," akasema.

Bwana Majani alitazama pale kwa muda mrefu. Halafu akapiga hema karibu na kisima, akazunguka na watu wake mabondeni na kando ya mashamba mpaka mkalimani akaugua miguu. Mwisho alikuja kuaga. Alivua kofia, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa Mzungu mbele ya bibi yetu, na mkalimani akakohoa.

"Bwana anasema mmea huu umekwisha. Haupo tena duniani. Anasikitika."

"Mwambie asante kwa kututembelea," bibi akasema, akamtafutia yai la njiani. Gari lilipoondoka aliingia ndani, akakaa karibu na mkeka wa Somoe. Baadaye mama alijaribu. Alisema kwa sauti ya chini kwamba ming'oko ya kawaida nayo ni ming'oko, na Mungu anaona, na mtama unakaribia. Bibi alimwacha amalize. Kisha akamwambia mtoto analia, akamnyonyeshe.

Somoe alilia siku ile. Sitawaficha, alilia kwa hasira, akasema bibi hampendi, akasema angevuka mwenyewe mchana kweupe na asile kitu. Nilimwona anainuka mpaka mlangoni. Alisimama pale, mguu mmoja karibu na kizingiti, uso umegeuka rangi kwa kukaa ndani, kisha akarudi akakaa. Nami nikakasirika kwa niaba yake, na usiku huo nilikataa kumkanda bibi mgongo.

Mvua zilipokaribia kuisha, akafariki mzee mmoja jirani yetu. Makaburi yetu yalikuwa ndani ya kijisitu kidogo, na ndicho kitu pekee kilichobaki kimesimama upande ule. Wakati makatapila yalipokuja, wazee walikwenda kusema na Wazungu, Wazungu wakaweka mawe yaliyopakwa chokaa kuzunguka kile kijisitu, na mnyororo ukapita kando. Wanaume walikwenda kuzika. Wanawake walibaki nyumbani, maana kwetu mwanamke haingii makaburini. Na kutoka makaburini hakitolewi kitu. Si ukuni, si tunda lililoanguka, si kijiti cha kuchokonolea meno. Hata mbuzi aliyeingia humo alifukuzwa kwa mawe.

Wakati wa kurudi mawingu yalitanda, na wanaume wakaja wakikimbia. Mjomba Chilumba alikuwa amebeba majembe na machepe yote, akayatupa nyuma ya nyumba kishindo kimoja, akaingia ndani. Kuosha vyombo vya makaburini ilikuwa kazi ya watoto, kwa sababu hakuna mtu mzima aliyeipenda. Mvua ilipopungua nikatoka na kata ya maji.

Yale majembe yalikuwa yamefungwa pamoja kwa kamba ya porini. Nikaifungua nikiwaza mambo yangu, nikavuta, ikanikatalia, nikavuta tena ikachubuka mkononi mwangu. Kiganja kikawa na wekundu. Nilidhani nimejikata na jembe. Nikatafuta jeraha, nikalikosa, nikanusa. Kisha nikaitazama ile kamba vizuri, vifundo vyake, na mahali ambapo mkia wake ulikuwa umejisokota wenyewe kuelekea kushoto.

Sikwenda kwa bibi. Nilikwenda kwa dada yangu, maana ndiye mwenye shida. Niliinua mkeka nikamwekea ile kamba mapajani. Hata yeye, gizani, aliijua kwa pua.

"Umeipata wapi?"

"Kwenye majembe."

"Majembe gani?"

Nikaangalia kiganja changu chekundu.

"Asumini. Majembe gani?"

"Ya makaburini."

Mpaka leo nauona uso ule. Furaha ilipanda, ikafika machoni, ikasimama hapo. Mng'oko umepatikana, na umepatikana mahali ambapo hauwezi kuliwa. Nilikuwa tayari kudanganya. Kama angeniambia niseme nimeuokota njiani, au kisimani, ningesema na kuapa juu yake, naye alijua kwamba ningefanya hivyo. Alikaa akiizungusha ile kamba kidoleni. Nje walisikika ndege wanaowahi masuke.

"Mpelekee bibi," akasema mwishowe. "Mwambie ulikoitoa."

Bibi aliikwaruza kwa ukucha, akanusa, akaiviringisha kwenye kidole chake cha shahada, ikaenda kushoto. Akafumba macho kidogo. Kisha akaita, "Chilumba."

"Naam, mama."

"Majembe umeyafungia nini?"

"Kamba tu, mama. Mvua ilikuwa inakuja, nikakata iliyokuwa karibu. Najua hakitolewi kitu, nisamehe, nita…" Hapo akaiona iliyokuwa mkononi mwa bibi, na jinsi alivyoishika. Akakaa chini pale pale aliposimama.

"Iko mingi?" bibi akauliza.

"Sijui. Sikuangalia. Nani anaangalia majani pale?"

Na hilo ndilo lilikuwa kosa letu sote, wenzangu. Waliokuwa wakiingia makaburini hawakuujua mng'oko, na waliokuwa wakiujua hawakuingia makaburini. Penye miti hapana wajenzi. Tulikuwa tumekwenda Mkotokuyana kwa miguu, tumetuma watu Matambarale, Mzungu wa watu ameloweka hema lake, na kila mara tulipita kando ya yale mawe ya chokaa tukiwa tumegeuza nyuso kwa adabu.

Mjomba alikuwa ameshasimama. "Kesho alfajiri naenda kuchimba, mama. Keshokutwa mwali anatoka."

"Utachimba juu ya nani?" bibi akamwuliza.

Mjomba akakaa tena chini. Mizizi ile ilikuwa chini, na chini walikuwa watu wetu.

Asubuhi yake bibi alijifunga kanga mbili akatuambia twende, mimi na mjomba. Alipofika kwenye mawe ya chokaa alitandika kanga moja majanini, akakaa. Yeye alikuwa mwanamke na asingevuka. Mimi nilikuwa bado mtoto, sijahesabiwa popote. "Nenda na mjomba wako," akaniambia. "Angalia vizuri. Usiguse. Urudi uniambie."

Niliogopa, nikamshika mjomba shati. Ndani palikuwa na baridi na kimya, vyungu vya zamani vimelala ubavu juu ya makaburi, vimeota ukoga. Nikainua macho. Ilikuwa kila mahali. Ilipanda miti hadi kwenye mwanga, nyekundu kwenye vifundo, yote ikizunguka kushoto, na juu ilikuwa imening'iniza matunda mabichi, kila moja lina mbawa tatu. Mjomba alivua kofia. Alisema neno moja tu, jina la bibi, jina lake la utotoni ambalo sisi hatukuruhusiwa kulitamka.

Nilikimbia kutoka. "Bibi, ni mingi! Imepanda juu kabisa!"

"Usipige kelele, watu wamelala. Ina matunda?"

"Inayo. Yana mbawa."

"Imekaa kwa nani zaidi?"

Sikujua, nikarudi ndani kumwuliza mjomba, nikatoka tena. "Mjomba anasema kwa babu. Kwa babu ndiko imejaa, hata kaburi halionekani."

Bibi alitazama kwenye ile miti. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikaanza kulia na mimi. Kumbe anacheka. "Mchoyo yule," alisema, akijipangusa macho kwa pindo la kanga. "Tangu ujana wake, akipata chakula kizuri anakificha." Akacheka mpaka mjomba akatoka kuangalia kuna nini, naye akaambiwa, naye akacheka, na nilikuwa sijawaona wale wawili wakicheka pamoja tangu makatapila yaje.

Siku iliyofuata bibi alichemsha muhogo. Muhogo wa kawaida, wa nyuma ya nyumba, na chumvi. Wanawake walikuja na vigelegele vyao vikiwa tayari, lakini macho yote yalikuwa kwenye kile kisahani. Jirani mmoja hakuweza kujizuia. "Na mng'oko?" akauliza.

"Upo," bibi akamjibu.

Bibi alikata kipande cha muhogo, akampa Somoe kwa mkono wake, Somoe akatafuna akiwa amesimama kizingitini, akameza, akavuka. Jua lilimpiga usoni, akakunja macho, akaanguka mikononi mwa wenzake. Mtama ulikuwa bado haujavunwa. Alikwenda Ruangwa kwa shangazi kabla wiki haijaisha, na kwa maisha yake yote akawa fundi, na gauni langu la kwanza la kufundishia alilishona yeye.

Mjomba alitaka kumpelekea habari Bwana Majani. Bibi akasema akija mwambieni upo, ila msimfuate. Hakuja tena. Haikuchukua muda mrefu karanga nazo zikawashinda Wazungu, mitambo ikaanza kuondoka, na mingine ikabaki inaota kutu. Mjomba akarudi kwenye jembe, akapanda mikorosho kama wengine, lakini kando ya yale mawe ya chokaa, upande upepo wa kiangazi unakoelekea, aliacha ukanda wa ardhi bila kuulima. Majirani walimwita mvivu. Hakuna aliyemwagiza. Mbegu zenye mbawa hazijui miko. Upepo ukizitoa makaburini zinakuwa zimetoka, na zikianguka nje si za mtu.

Bibi hakuwahi kuionja. Alizikwa kwenye kijisitu kile kile, karibu na mchoyo wake. Ilikuwa baada ya miaka mingi, binti wa kwanza wa Somoe alipotolewa, ndipo mjomba, mzee sasa, alipokuja na kifuko cha ming'oko myekundu kutoka kwenye ukanda wake, mifupi kama kidole, vichwa vyake amevirudisha udongoni mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumtania. Tulichemsha, mwali akalishwa, akavuka. Kilichobaki tukagawana sisi wakubwa. Kusema kweli, haikuwa na utamu wowote wa ajabu. Ilikuwa na nyuzi nyingi na uchungu kidogo mwishoni. Somoe alitafuna, akanitazama. "Ndio huu?" akauliza. "Huu ndio niliousubiri?" Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipokwisha akaomba kipande kingine.

Miaka ya karibuni walikuja vijana wa chuo kikuu na kamera zao. Niliwapeleka mimi kwenye ule ukanda wa mjomba. Walisema ni ugunduzi mkubwa, kwamba vitabu vyote vilikuwa vimeuandika mmea huu kuwa umetoweka. Binti mmoja alipiga magoti akaishika ile kamba kwa vidole viwili, taratibu, asijue kwamba analia. Nikampenda, nikamchemshia chai.

Nilipokuwa mtoto nilidhani bibi alimfungia dada yangu kwa sababu ya mila, na kwamba alikuwa na moyo mgumu. Kama ni mila, mila aliivunja siku ile kwa muhogo, mbele ya kijiji kizima. Imenichukua uzee kuelewa alichokuwa akikiogopa. Bwana Majani aliweza kusema umekwisha, akavaa kofia yake na kuondoka, kwa sababu ule haukuwa wake. Bibi angesema neno hilo hilo siku ambayo angemlisha mjukuu wake kitu kingine, huku akiwa hajui kama mng'oko bado upo. Angelisema kwa mkono wake, mlangoni kwake, na mwanawe wa kumzaa aliyetembea nyuma ya mnyororo akiwa amesimama pale anatazama. Hakutaka kuula. Alitaka uwepo, na alitaka mjomba asiwe ndiye aliyeumaliza.